BAHARI HAINA MLANGO
Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya viongozi wa vikundi vya akina mama

Mada yetu ni haki za wafanyakazi wa majumbani. Tumeona tuanzie mbali kidogo, nchini Peru, Amerika ya Kusini. Huko ipo wilaya iitwayo Asia. Jina ni sawa na la bara, lakini hii ni wilaya ndogo ya pwani, yapata kilometa 100 kusini mwa Lima, mji mkuu.

Kiangazi cha Peru ni Januari hadi Machi. Zamani matajiri wa Lima walikuwa wakienda kupumzika Ancón, kaskazini mwa jiji. Baadaye wengi wakaelekea kusini, na Asia ikawa ndiyo mahali pao. Wamejenga nyumba za mapumziko ndani ya uzio, zenye geti na walinzi. Kando ya barabara kuu ya Panamericana kuna maduka makubwa na migahawa. Kiangazi kikiisha, nyumba nyingi hufungwa.

Familia hizo haziendi peke yao. Huenda na wafanyakazi wa ndani, wengi wao wakiwa wanawake ambao wao au wazazi wao wametoka mikoa ya milima ya Andes. Hao ndio wanaopika, wanaofua na kuangalia watoto wanaocheza mchangani. Ikaja kujulikana kwamba katika baadhi ya makazi hayo mfanyakazi alikuwa haruhusiwi kuoga baharini mpaka jioni, wenye nyumba wakishaondoka ufukweni. Tena ilikuwa lazima avae sare ili atambulike.

Januari 2007 mamia ya watetezi wa haki walitoka Lima wakaenda Asia. Baadhi yao walivaa sare za wafanyakazi wa ndani. Walishikana mikono ufukweni, kisha wakaingia majini mchana kweupe. Hawakuvunja sheria yoyote kwa kuoga. Sheria Na. 26856 ya mwaka 1997 ilikwisha kutamka kuwa fukwe za Peru ni za matumizi ya umma, pamoja na ukanda wa meta 50 kutoka maji kujaa yanapofikia.

Mwaka 2009 serikali ilikataza mwajiri kumlazimisha mfanyakazi wa ndani kuvaa sare mahali pa umma. Mwaka 2020 ikapatikana sheria mpya inayotaka mkataba wa maandishi, mshahara usiopungua kima cha chini, na umri usiopungua miaka 18.

Ndugu washiriki, tunajifunza nini? Sheria ya ufukwe ilikuwapo karibu miaka 10 kabla ya watu wale kuingia majini. Kilichomzuia dada yule ni desturi, na desturi hiyo ilitunzwa na watu wema tu, wanaopenda watoto wao na kusalimiana vizuri na majirani.

Tusiwacheke. Mwaka jana sisi wenyewe tulikuwa na semina ya siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni. Baadhi yetu tulikwenda na watoto wadogo na madada wa kuwaangalia. Mchana sisi tulikula chini ya miti tukitazama bahari. Madada walilishia watoto ndani ya basi, katika joto, na wao wakala kilichobaki. Hakuna aliyewakataza kushuka. Ila hakuna aliyewakaribisha, na katika bajeti ya chakula tuliyoiandaa sisi wenyewe hawakuwamo. Mada ya semina ilikuwa haki za wanyonge.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kila dada wa kazi awe na makubaliano ya maandishi yanayotaja mshahara na siku ya mapumziko. Kila bajeti ya semina imhesabu. Na leo jioni, ukifika nyumbani, angalia anakula wapi na anakula saa ngapi.