Kompyuta ya Mezani ya Bei Nafuu: Ipimwe Kabla Haijapanda Boti



Mazungumzo ya leo yanahusu kompyuta ya mezani ya kutumiwa nyumbani, ile ya bei nafuu inayouzwa ikiwa imeshaundwa kamili. Kazi zake zinajulikana: mtoto kuandika kazi ya shule, mzazi kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, kijana kutafuta nafasi ya chuo kupitia KUCCPS au mkopo wa HELB, mwenyekiti wa kikundi kujaza fomu za zabuni. Kwa miaka mingi kazi hizi zimefanywa kwenye saiba, kwa kulipia kila ukurasa unaochapishwa, na mara nyingi kwa kumwachia mhudumu nenosiri la eCitizen. Familia inayotaka kompyuta yake ina sababu njema. Lakini pesa za kununua mara ya pili hazipatikani upesi, kwa hiyo ile ya kwanza inafaa kuchaguliwa kwa makini.

Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani za bei nafuu katika soko la Kenya si mpya. Ni mashine za ofisi, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre, zilizotumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikasafishwa na kuletwa nchini. Madukani huitwa "ex-UK". Kununua mashine ya aina hii si jambo la kuonea haya. Iliundwa kwa ajili ya ofisi iliyotaka ifanye kazi kutwa, na mara nyingi ni imara kuliko kompyuta mpya ya bei hiyo hiyo. Tatizo huwa kwenye tangazo.

Tangazo husema "Core i5, RAM 8GB, diski 500GB", kisha bei. Mnunuzi husikia "i5" akaridhika, kwa sababu ameambiwa kwamba i5 ni bora kuliko i3. Kumbe i5 ni jina la ukoo tu, halisemi umri. Core i5-4570 ilitoka mwaka 2013. Core i5-8500 ilitoka mwaka 2018. Zote ni i5. Hata Core i3-8100, iliyo ndogo kwa jina, haishindwi na ile i5 ya 2013. Ni sawa na kuuziwa jahazi bila kuambiwa liliundwa lini.

Umri husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Modeli ya mashine nayo hueleza: OptiPlex 3020 na 9020 ni za kizazi cha 4, OptiPlex 3060 na 7060 ni za kizazi cha 8. Kwa upande wa HP, EliteDesk 800 G1 ni ya kizazi cha 4 na EliteDesk 800 G4 ni ya kizazi cha 8. Muuzaji asiyetaka kutaja nambari kamili ya prosesa ameshajibu swali.

Kizazi cha 8 kinatajwa kwa sababu maalumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Isipokuwa mpango wa nyongeza wa muda mfupi, mianya mipya ya usalama katika mfumo huo haizibwi tena. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha 8 au kipya zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 zimeshuka bei. Anayenunua mojawapo ananunua kitu ambacho ofisi zimekiacha, na ndani yake ataandika nenosiri la benki, la KRA na la SHA.

Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokidhi masharti. Inawaka na inapendeza machoni, ila Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupokea masasisho. Mnunuzi asikubali kuilipia bei ya mashine inayokidhi.

Hata hivyo mashine kuukuu si ya kutupwa. Ikiwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayosasishwa, itafungua tovuti za serikali na itaandika barua kwa LibreOffice. Kiswahili nacho kina historia hapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ni ya ukoo huo huo wa programu. Anayehitaji programu ya Windows peke yake, kwa mfano ya hesabu za biashara, njia hii haitamfaa. Kwa mwanafunzi inatosha, mradi bei ilingane na umri wa mashine.

Baada ya umri, kitu kinachoamua kama kompyuta itatumika au itaachwa kufunikwa vumbi ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka. SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Mashine ya kizazi cha 8 yenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika kadhaa kuwa tayari, na mtoto ameshakata tamaa. Ikiwa na SSD, huwa tayari kwa chini ya dakika moja. Kwa nyumba, SSD ya 256GB ni bora kuliko diski ya kuzunguka ya 500GB, hata kama tangazo linafanya 500 ionekane kubwa. RAM iwe 8GB. Kwa 4GB Windows 11 inaanza, lakini ukifungua kurasa chache za intaneti inaanza kusuasua.

Hapa ndipo bei ya chini inapodanganya. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme mashine moja ni shilingi 14,000, ina 4GB na diski ya kuzunguka. RAM ya kuongeza ikiwa 2,500, SSD 3,500 na kifaa cha Wi-Fi 1,000, jumla inafika 21,000, na umri wake haujabadilika. Mashine ya 22,000 iliyo ya kizazi cha 8 na yenye vitu hivyo vyote tayari ndiyo rahisi.

Wi-Fi imetajwa kwa makusudi. Nyingi kati ya kompyuta hizi ziliunganishwa kwa waya ofisini na hazina Wi-Fi, ilhali nyumba nyingi hutegemea bando la simu. Kuna njia ya kuunganisha simu kwa waya wa USB, nayo hufanya kazi vizuri, lakini simu inabaki imefungwa kwenye meza. Kamera na maikrofoni pia hazimo, na usaili wa kazi siku hizi hufanywa kwa video. Kuhusu skrini, TV iliyopo nyumbani inaweza kutumika. Tundu la kompyuta likiwa DisplayPort na la TV ni HDMI, adapta ndogo inahitajika.

Umeme una hesabu yake. Kompyuta na skrini zikila wati 60 kwa saa nne kila siku, mwezi mzima ni takriban yuniti 7. Kwa nyumba yenye tokeni, huo si mzigo mkubwa. Kwa nyumba ya sola hali ni tofauti. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, na kwa usalama wa betri hutumiwa nusu, yaani 600. Kompyuta peke yake itachukua 240, kabla ya taa, TV na kile kinachopotea kwenye inveta. Nyumba kama hiyo ya Kiwayu au Mkokoni ifikirie kompyuta ndogo mno zenye prosesa kama Intel N100 ya mwaka 2023, ambazo kwa kazi za kawaida hula sehemu ndogo ya umeme huo, au laptopu. Kwenye hizo ndogo kuna mtego mmoja: baadhi zina hifadhi ya 64GB iliyochomelewa ndani, isiyobadilishika, nayo hujaa upesi.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani haina betri ya kuiokoa. UPS ndogo huipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayejaza fomu ya zabuni usiku wa mwisho anajua thamani ya dakika hizo.

Kisha kuna safari na hewa ya pwani. Mashine inayopita Mokowe kwenda Amu, Siyu au Faza hupanda boti, na msimu wa kusi maji huruka. Ifungwe kwa nailoni ndani ya boksi, ikae mbali na ubavu wa boti, na ikipata unyevu isiwashwe mpaka ikauke kabisa. Nyumbani isikae sakafuni wala kwenye dirisha linaloelekea bahari. Chumvi hula matundu ya nyuma taratibu. Kabla ya kununua, matundu hayo yatazamwe kwa tochi ya simu, maana kutu ikishaanza huko haifichiki. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashine nyingi ndogo za Dell na HP hutumia pawa saplai ya umbo lake pekee. Ikiungua, fundi hawezi kuweka yoyote aliyonayo. Lazima itafutwe ya modeli ile ile. Modeli iliyo nyingi sokoni ni salama kuliko ile ya nadra.

Majaribio yafanyike dukani, na anayenunua kwa simu amtume jamaa aliyeko Mombasa. Mashine iwashwe ikiwa imezimwa kabisa. Ukurasa wa Settings, sehemu ya System kisha About, utaonyesha prosesa na RAM halisi; sehemu ya Activation itaonyesha kama Windows ina leseni. Kurasa kumi za intaneti zifunguliwe pamoja na video moja, kisha isikilizwe feni. Kila tundu la USB lichomekwe kitu. Mwisho izimwe, ichomolewe kwenye umeme kwa dakika kadhaa, iwashwe tena na saa itazamwe. Tarehe ikirudi nyuma miaka, betri ndogo ya ndani, CR2032, imekufa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini tarehe ikiwa si sahihi tovuti kama eCitizen hukataa kufunguka, na familia hudhani ni intaneti mbaya.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Risiti ndiyo inayoibeba haki hiyo. Iandikwe modeli, nambari kamili ya prosesa, RAM, aina ya diski, nambari ya mashine iliyobandikwa kwenye kasha, siku za dhamana, na nani atalipa nauli mashine ikirudishwa. Muuzaji aulizwe pia dhamana inaanza lini. Ya siku saba, ikihesabiwa tangu siku ya malipo Mombasa, inaweza kwisha boksi likiwa bado linasubiri boti Mokowe. Ianze siku mashine inapopokelewa.