Mzee asikalishwe

(Mazungumzo yaliyotolewa Makobola mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Tumepunguza salamu tu.)

Najua leo kuna mambo ya mbegu na ya kasha la chama. Najua tena, mtu wa ONG akisimama, watu wanangoja kusikia ni nini kitagawanywa. Leo sina kitu cha kugawanya. Nimekuja kuongea juu ya kuanguka.

Musifikiri ni neno la kuchekesha. Kasha letu munajua linatumika wapi: matanga, mama wa kuzaa, na kupeleka mgonjwa Uvira. Kati ya hao wagonjwa musihesabu malaria peke yake. Muhesabu wazee waliovunjika. Mama anatoka usiku kwenda choo, mvua imenyesha, kambambili inateleza, mfupa wa nyonga unakatika. Asubuhi anawekwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na mfupa umevunjika vile, mpaka Uvira kwa barabara hii munayoijua ninyi wenyewe. Kule wanasema ni upasuaji. Pesa ya upasuaji nyumba gani iko nayo? Anarudishwa, analazwa. Mtu wa kulala wiki juu ya wiki anatoka vidonda mgongoni, kifua kinaingia ugonjwa, na siku ya matanga jamaa wanasema: "Ni uzee." Mimi nakataa. Uzee haukumuua yule mama. Ameuawa na kuanguka.

Shirika la Afya Duniani, ile tunaita OMS, linakadiria kwamba watu 684,000 wanakufa kila mwaka juu ya kuanguka. Zaidi ya 80 kwa mia ni wa nchi za kipato kidogo na cha katikati, maana yake nchi kama hii yetu, na wenye kufa zaidi ni wenye miaka kupita 60. Kwa vifo vya ajali, ni barabara peke yake inaua kupita kuanguka. Nimefanya kazi kando ya ziwa hapa, nimeona mabango ya kipindupindu, ya malaria, ya mabomu yaliyobaki ardhini. La kuanguka bado sijaliona.

Sasa, kwa nini mtu anaanguka? Mwili unasimamishwa na walinzi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili yuko ndani ya sikio. Huyu hana kazi ya kusikia, kuna mifereji midogo yenye maji, ndiyo inaambia ubongo kichwa kimeinama upande gani. Wa tatu ni miguu yenyewe: nyayo, vifundo, magoti na misuli, zinazopeleka habari kwamba hapa ni mchanga, hapa jiwe, hapa panateleza. Ubongo unakusanya habari za wote watatu na kuamuru misuli ijirekebishe kabla hata hujafikiri. Miaka ikienda, wote watatu wanachoka. Usiku bila tochi mlinzi wa kwanza amelala, na kama mzee ana mtoto wa jicho, huyo mlinzi analala hata mchana. Kazi yote inabaki kwa miguu. Na miguu tumeifanya nini?

Hapa nataka kukaa kidogo, sababu ni historia yetu wenyewe. Wengi wenu mulikimbia kwa vita ya 1998, mukavuka ziwa mpaka Kigoma, mukapelekwa Nyarugusu, Lugufu na kwingine. Mbele ya hapo mulikuwa watu wa kupanda milima hii nyuma yetu na jembe begani, kushuka na mihogo, kuteremka ziwani. Kambini kutoka kupita kilomita 4 bila ruhusa ilikatazwa. Mzee akabaki na foleni ya posho na kukaa mbele ya nyumba. Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, na wengine walikuja nyuma miaka mingi. Mtu aliondoka na miaka 48 akarudi na 60, na miguu ya kukaa. Anakuta shamba la baba yake liko palepale juu mlimani, lakini njia imekuwa ndefu.

Halafu watoto wanakuja na heshima yao. "Mama, wee kaa tu, tutakuletea." Maji analetewa. Kiti analetewa. Hata kupokea mgeni anaambiwa asisimame. Sisemi watoto wana roho mbaya, roho yao ni nzuri sana, ndiyo shida yenyewe. Misuli isiyotumika inapungua, kwa mzee inapungua mbio, na kuirudisha inaomba muda. Mzee aliyeanguka mara moja anaogopa, akiogopa anakaa zaidi, akikaa zaidi miguu inalegea, na ile miguu iliyolegea ndiyo inamwangusha mara ya pili. Niwaambie wazi vijana wa chama hiki: kumkalisha mzee ni kumvunja pole pole.

Habari njema ni kwamba mguu unafundishika hata na miaka 80. Mwaka 2019 wachunguzi walikusanya majaribio 108 ya nchi 25, yenye watu kupita 23,000. Wazee waliofanya mazoezi walianguka pungufu kwa karibu robo kuliko wasiofanya, na mazoezi yaliyosaidia vizuri ni yale ya kusimama imara pamoja na nguvu za miguu. Mengi ya majaribio hayo yalifanyika kwa watu wenye sakafu ya simenti na taa chooni, ni kweli. Lakini goti la mzungu na goti la mubembe linakunjika namna moja. OMS yenyewe, kwa mwongozo wake wa 2020, inaomba mwenye miaka 65 kwenda juu afanye mazoezi ya namna hii siku 3 au zaidi kwa wiki.

Yenyewe ni madogo. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani, kaa, simama, kaa, simama, mara kumi. Mwanzoni sukuma na mikono; siku moja utaona mikono haina kazi. Tena, shika ukuta au muembe, inua visigino, shusha. Ukizoea, simama mguu mmoja na kuhesabu mpaka kumi, badilisha, mkono uko karibu na ukuta. Kisha piga mstari kwenye mchanga pale ziwani, tembea juu yake, kisigino cha mguu huu kiguse vidole vya ule. Hilo la mwisho ni gumu, mutacheka sana. Na mama za korali wasinidanganye kwamba ni mambo mapya: zile hatua za kwenda kando, kurudi na kuzunguka siku ya ibada ni zoezi kamili, tunaomba tu zisingoje siku ya Mungu.

Mzee mmoja alinijibu: "Mi nifanye spoti na miaka 70? Watu watasema nimerudi utoto." Nilimwambia habari za Afrika Kusini, kule Limpopo, ambako bibi wazee wana timu ya mpira, na za Korogocho, Nairobi, ambako mashosho wamejifunza ngumi na mateke ili kujilinda. Alinyamaza, akauliza kama mipira wanagawa. Mpira hatugawi.

Kuna mipaka. Mwenye kizunguzungu, mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuanguka mara nyingi mwaka huu, apite kwanza kituo cha afya. Dawa za shinikizo la damu zinaweza kuleta kizunguzungu wakati wa kuinuka. Usizikate mwenyewe, ila ukiamka usiku kaa kwanza kando ya kitanda, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame. Na niseme la chakula: mzee wa kula mara moja kwa siku, bugali bila mboga, hatapata misuli kwa zoezi peke yake. Ndagala na maharagwe ni sehemu ya kazi hii.

Wafadhili, mutaniruhusu neno moja. Munapenda kutuma viti vya magurudumu, na picha yake inakuwa nzuri. Kwa mchanga huu na vinjia hivi, kiti kile mara nyingi kinabaki nyumbani na nguo zinaanikwa juu. Wenye kupooza wanakihitaji, musiwasahau. Lakini kwa pesa ya kiti kimoja tunaweza kupata tochi nyingi, simenti ya ngazi za choo, na nauli ya mzee wa kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Miti ya kushikia kando ya choo musitume, tuko nayo. Vijana waitafute na kuichimbia wiki hii hii.

Kwa chama naomba mambo mawili yaamuliwe leo, kabla ya kufunga mkutano. La kwanza, sehemu ndogo ya kasha iende kwa tochi za wazee wanaolala peke yao, hata kabla ya wafadhili kujibu. La pili, daftari. Kila kijiji kiandike nani ameanguka, wapi, saa gani, na amevaa nini miguuni. Bila daftari, mwaka ujao nitasimama hapa tena na nambari za OMS wala si za Makobola.

Tunaanza Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale mchangani mashua zinapopandishwa. Kila mzee aje na kiti chake na mjukuu mmoja wa kusimama nyuma yake. Mjukuu asibebe kiti. Mzee akibebe mwenyewe, kama anaweza.