Mtu wa Tisa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, bwaloni)



Nilipopokea barua ya kuniomba nizungumze juu ya michezo ya siku zetu, nilicheka peke yangu. Humu bwaloni wamo watu waliokuwa hodari kwelikweli: walinda mlango, warusha mkuki, na yule bwana aliyekaa karibu na dirisha ambaye akiruka chini tulikuwa tukitafuta kamba ndefu zaidi ya kumpimia. Mimi sikuwa miongoni mwao. Hata hivyo jina langu limo katika ubao ule ulioko nyuma yenu, kwenye safu ya mwaka 1976. Kwa ajili ya ubao huo nimekubali kuja kusema.

Nianze nyuma kidogo. Niliingia darasa la kwanza mwaka 1966, katika shule ya kijijini iliyokuwa na vyumba vitatu na mwembe mmoja. Kipindi cha michezo kilifanyika chini ya mwembe huo. Mwalimu alikuwa na filimbi na kijiti, basi. Tulisimama mistari minne, tukanyoosha mikono ili kupata nafasi, kisha tukaanza: kuruka na kutanua miguu, kugusa vidole, kuchuchumaa na kuinuka. Asiyekwenda sawa na wenzake alitolewa mbele afanye peke yake, nasi tulimcheka mpaka zamu yetu ilipofika. Mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kwa kichwa hakurudia tena siku ile.

Siku ya wazazi tulishindana kukimbia na magunia, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, na kuvuta kamba. Nakumbuka nilipata nafasi ya pili kwa kukimbia na ndimu. Zawadi ilikuwa kalamu ya risasi. Mama aliiweka juu ya kabati wiki nzima kabla sijaruhusiwa kuichonga.

Nilikuja hapa kidato cha kwanza mwaka 1973. Vijana, kiwanja mnachochezea leo hakikuwa kiwanja. Kilikuwa kichaka chenye visiki. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, na kila Jumamosi, tukishatoka shamba la shule, tulipewa majembe na mashoka kwenda kung'oa visiki. Mkono wangu wa kushoto una alama ya kisiki cha mvule hadi leo. Kazi ilipokwisha tulipima njia za kukimbilia kwa kamba yenye fundo kila baada ya mita 10, tukachora mistari kwa majivu kutoka jikoni. Mvua ikinyesha, tulianza upya.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa pia mwalimu wa hesabu, na hakupenda kutenganisha mambo hayo mawili. Alituuliza: kwa nini katika mbio za mita 400 mtu wa njia ya nje huanzia mbele ya yule wa ndani? Je, anapendelewa? Tulibishana kwelikweli. Ndipo akatufanya tupige hesabu ya mzingo wa duara, tukaona wenyewe kwamba kila njia yenye upana wa mita 1.22 humwongezea mkimbiaji mita 7 na zaidi katika mzunguko mmoja. Asiposogezwa mbele, anadhulumiwa. "Haki hupimwa kwa kamba," alikuwa akisema, "haipimwi kwa macho."

Na mchakamchaka! Saa kumi na moja alfajiri kengele ililia, na kabla hujajua umevaa bukta yako au ya jirani ulikwisha kuwa barabarani. Umande ulitulowesha mpaka magotini, na milima ya Usambara ilikuwa bado nyeusi. Tulikimbia kwa nyimbo, aliyechoka akishikwa mkono na mwenziwe, maana bweni lilihesabiwa kurudi likiwa zima.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Habari hizo zilipotufikia kwa redio, masomo yalisimama. Kilichotushangaza zaidi ni namna alivyoshinda. Hakujificha nyuma ya watu akangoja mwisho. Alitoka mbele tangu mwanzo, akakaa mbele, nao kina John Walker wakamfukuza mpaka kamba bila kumpata. Kuanzia siku hiyo kila mtoto wa shule hii alitaka kutoka mbele. Wengi wetu tulitoka mbele mzunguko mmoja, uliobaki tukatembea.

Mwalimu alitucheka, kisha akatusimulia habari ya mtu mwingine. John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walianza na watu 57 walimaliza. Akhwari alikuwa wa 57. Mwalimu aliandika namba hiyo ubaoni, akaiacha wiki nzima bila kuifuta.

Sasa nifike mwaka 1976. Mwezi wa Julai tulikuwa tukingojea kumsikia Bayi tena, safari hii Montreal. Hakukimbia. Timu ya rugby ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki Olimpiki, hivyo Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zikajitoa. Tulihuzunika, lakini tuliona fahari pia. Tulizungumza bwaloni humu usiku mzima juu ya nchi maskini iliyokubali kuikosa medali kuliko kuipokea mahali pasipo haki. Nami nilisema sana usiku ule. Nilisema kuliko wote.

Juma lile lile zilifanyika mbio za nyika za kuchagua timu. Wanane wa kwanza wangekwenda Tanga mjini kwenye mashindano ya mkoa. Kila mmoja angepewa raba mpya, na jina lake kuandikwa kwenye ubao. Njia ilikuwa kilometa 10: langoni, barabara ya vumbi hadi darajani, kisha kupanda kilima, kukizunguka na kuteremka kwa barabara inayopita kando ya shamba la mkonge. Darajani alisimama kiranja akitupaka wino mkononi. Kilimani hakukuwekwa mtu, kwa kuwa mwalimu alituamini.

Nilifika darajani nikiwa wa kumi. Mbele yangu hatua chache alikuwepo kijana wa bweni letu, mtoto wa mkata mkonge, ambaye katika miaka minne sikupata kumwona na viatu vya michezo. Alikuwa wa nane. Niliona mgongo wake ukipanda kilima, nikajua kwamba simpati. Ndipo nikaingia kwenye mkonge.

Nilipita katikati ya mistari ya mkonge, nikainama, nikakimbia. Mwiba ulinichoma pajani ukaingia sana. Nilitokea upande wa pili nikakaa kidogo nyuma ya ukingo, nikawahesabu waliopita: watano. Nikaingia barabarani. Nilimaliza wa sita, na yule kijana akamaliza wa tisa.

Mwalimu alinisafisha jeraha kwa dawa. Akauliza nimechomwa na nini. Nikasema nilianguka. Alinitazama, akaendelea kufunga bandeji.

Siku ya safari, lori likiwa limekwisha kuwashwa, yule wa tisa alikuja mbio kutoka bwenini. Nilidhani amekuja kunisema. Alishika ubao wa lori akaniambia, "Kaka, usiwaachie mapema. Wafuate mpaka wachoke wao." Kisha akasimama langoni akipunga mkono mpaka vumbi likamficha.

Nilikwenda Tanga na raba mpya. Zilinibana. Nilimaliza karibu na mkia, na malengelenge mawili.

Ndugu zangu, mtu akificha jambo dogo hudhani litakufa lenyewe. Nimesoma, nimefanya kazi serikalini, nimelea watoto, na kila niliposikia mtoto wangu akisema uongo mdogo, mkono wangu ulikwenda pajani. Mwaka 1998 nilikutana naye katika stendi ya mabasi ya Korogwe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amebeba mipira miwili kwenye wavu. Tulikumbatiana. Tulikunywa chai. Mwishowe nikamwambia.

Alikoroga chai yake muda mrefu. Akasema, "Nilijua tangu siku ile. Mtu anayekimbia huwajua waliompita. Darajani ulikuwa nyuma yangu. Mgongo wako sikuuona ukinipita, nikaukuta mbele."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa mwalimu. Akajibu, "Nilingoja useme mwenyewe. Nilidhani utasema langoni, siku ya lori. Ndiyo sababu nilikuja mbio."

Sikuwa na neno. Yeye ndiye aliyeniokoa kwa kuuliza, "Hivi, zile raba zilikutosha?" Nikamwambia zilinibana. Akacheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

Amestaafu sasa. Leo hakuweza kuja kwa sababu ya goti, lakini amenituma salamu, na amenipa ruhusa kusimulia habari hii. Nimemwona Mkuu wa Shule asubuhi nikamwomba jambo moja, nalo narudia mbele yenu: katika safu ya mwaka 1976 jina langu liondolewe, na jina la yule wa tisa liandikwe mahali panapostahili, maana alikuwa wa nane. Gharama ya fundi wa rangi nimekwisha kuileta. Mwenyewe aliposikia mpango huo alisema lisifutwe kwa kukwaruzwa. Lipakwe rangi nzuri, ubao usiharibike.

Vijana, siwezi kuwafundisha kukimbia. Nina maombi mawili tu. La kwanza ni kwa wakubwa: kipindi cha michezo kisiliwe na masomo ya ziada. Mimi hesabu ya mzingo wa duara niliijulia pale kwenye majivu, na udhaifu wangu niliujulia pale pale. Darasani ningeweza kuuficha miaka mingi zaidi.

La pili ni kwenu. Siku moja mtafika darajani mmechoka, mgongo wa mwenzenu uko mbele, na kilimani hakuna mtu. Pandeni. Mkimaliza wa kumi, andikeni kumi, mwende mkaoge. Maji ya bomba lile la nyuma ya bweni ni baridi sana jioni, na aliyepanda kilima huyafurahia kuliko mwingine yeyote. Mimi siku ile sikuoga. Nilikuwa naogopa mtu asije akaliona paja langu.

Kiti hiki nilikaa kwa niaba ya mwenzangu.