Kupima Moto wa Injini ya Eropleni Angani

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za eropleni ndogo, na jinsi rubani awezavyo kujua, akiwa juu angani, kama vyombo vya kuwasha moto katika injini yake ni vizima.

Eropleni nyingi za namna hii hazitegemei betri kwa kazi hiyo. Zina magneto, yaani mtambo wenye sumaku izungukayo, nao huzaa umeme wake wenyewe maadamu injini inakwenda. Tena magneto si moja, bali ni mbili. Tuchukue injini ya silinda 4, kama zile zilizomo katika Cessna 172 nyingi: kila silinda ina plagi 2, moja ya magneto ya kushoto, na moja ya magneto ya kulia. Magneto moja ikifa, ya pili huendelea na kazi, na rubani hufika salama.

Kabla ya kuruka, rubani huzima magneto moja moja na kutazama injini imepungua mwendo kiasi gani. Jambo hilo ni jema, lakini halitoshi. Plagi dhaifu yaweza kutoa cheche vizuri chini, kisha ikashindwa angani, injini inapofanya kazi kubwa na petroli imepunguzwa.

Kwa hiyo hupima tena akiwa juu. Huenda sawasawa, hupunguza petroli, kisha huacha magneto moja peke yake kwa muda wa sekunde 10 hivi, huku akitazama kipimo cha joto la moshi wa kila silinda. Hapo yatokea jambo la ajabu: nguvu zapungua kidogo, lakini joto la moshi lapanda! Sababu ni hii: moto uliokuwa ukianza pande mbili sasa waanza upande mmoja, huchelewa kuisha, na moshi hutoka ungali wa moto sana. Joto likipanda katika silinda zote, plagi ni nzima. Likishuka katika silinda moja, plagi yake imekufa.

Lakini angalieni hatari yake. Kama magneto iliyoachwa imekufa, injini yote hunyamaza, na petroli isiyoungua hujaa katika bomba la moshi. Rubani akirudisha swichi kwa pupa, petroli hiyo yaweza kulipuka na kupasua bomba. Yampasa kwanza afunge petroli, ndipo arudishe magneto zote mbili, kisha afungue petroli polepole. Kwa hiyo kipimo hiki hufanywa juu sana, mahali ambapo kiwanja cha kutua ki karibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi moja hubadilishwa kwa muda mfupi chini. Roho za wasafiri hazibadilishwi.