Jeraha Lililoachwa Wazi

Fungu letu la leo ni Yeremia sura ya 6, mstari wa 14. Mwenye Biblia karibu na alifungue. Asiye nayo na ashike maana yake: nabii anawalaumu viongozi wa watu wa Mungu kwa kuwa walilitibu jeraha la taifa juu juu tu, wakatangaza amani mahali pasipo na amani.

Kwa miaka mingi nililisoma neno hilo nikiwafikiria watu wengine. Nilipokuja kusoma habari za madaktari wa vita, ndipo nilipojiona mwenyewe humo.

Mwezi wa Mei, 1982, majeshi ya Uingereza yalishuka katika Visiwa vya Falkland, kusini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, ili kuvitwaa tena kutoka mikononi mwa Argentina. Mahali paitwapo Ajax Bay palikuwa na jengo kuukuu, lililojengwa kwa ajili ya kugandisha nyama ya kondoo. Humo ndani, penye vumbi, madaktari wa upasuaji wa jeshi na wasaidizi wao waliweka meza zao. Mkuu wao alikuwa Rick Jolly, daktari wa jeshi la majini. Tarehe 27 Mei ndege za Argentina zilipiga mahali pale, na mabomu mawili yakaingia katika jengo lile lile yasilipuke. Hapakuwa na pa kuhamia. Waliendelea na kazi, mabomu yakiwa humo humo.

Majeruhi waliletwa kwa helikopta, Waingereza na Waargentina. Aliyetangulia mezani ni yule aliyekuwa karibu zaidi na kifo, sare yake iwe ya upande gani. Mwaka 1999 serikali ya Argentina ilimpa Jolly nishani kwa ajili ya vijana wao aliowatibu. Jambo hilo peke yake lingetosha mahubiri ya siku nzima. Lakini leo nataka tuangalie namna walivyolitengeneza jeraha lenyewe.

Wewe na mimi tukijikata na panga shambani, twaenda zahanati, jeraha linaoshwa, linashonwa siku hiyo hiyo, twarudi nyumbani. Jeraha la risasi si hivyo. Risasi, au kipande cha bomu, huingia mwilini pamoja na matope na vipande vya nguo, na nyama iliyo kando ya njia yake hufa. Katika nyama iliyokufa, pasipo na hewa, vijidudu huzaliana upesi, na mtu aweza kufa kwa kuoza ndani hali kwa nje ameshonwa vizuri. Kwa hiyo daktari hukata na kuondoa nyama yote iliyokufa. Huitambua hivi: nyama hai hutoa damu ikikatwa, na hujikunja ikibanwa, iliyokufa hukaa kimya. Kisha huliosha jeraha, huweka kitambaa laini, na kulifunika kwa bendeji. Hashoni. Huliacha wazi siku nne, tano. Baadaye hulifungua na kulitazama tena, na likiwa safi ndipo hulishona.

Madaktari walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa katika vita vya 1914 hadi 1918. Kutoka Ajax Bay majeruhi wengi walipelekwa kwenye meli ya hospitali, na huko majeraha yao yakashonwa siku zake zilipotimia. Meli hiyo iliitwa Uganda. Nadhani wazee wa Mombasa wanaikumbuka, kwa maana ni ile ile iliyokuwa ikileta abiria kutoka Uingereza hadi bandari yetu tangu 1952.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa shemasi kijana, nimetoka chuo cha theolojia majuzi tu, nilipoitwa kwa ndugu wawili, watoto wa tumbo moja, waliogombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Mkubwa alikuwa ameng'oa miti ya mpaka usiku. Mdogo alikuwa amemtolea mkubwa neno mbele ya wakwe, neno ambalo silitaji redioni. Nami nilikuwa na haraka. Jumapili ile Askofu alikuwa anakuja kwa Kipaimara, na hao wawili walikuwa wazee wa kanisa. Niliwasomea fungu, nikawaambia washikane mikono, wakashikana. Tukanywa chai. Katika taarifa yangu niliandika kwamba ugomvi umekwisha.

Sikumwuliza mkubwa kwa nini aliing'oa miti ile. Sikumwuliza mdogo lile neno alilitoa wapi. Shamba halikupimwa. Miaka mitatu baadaye mama yao alipofariki, kila mmoja alitaka kaburi lichimbwe upande wake, na mwili wa mama ukakaa chumba cha maiti siku kumi na moja. Nilisimama kwenye mazishi yale nikijua ni mkono wangu ulioshona.

Mwaka jana nilirudi kwao, nikaanza kwa kuwaomba msamaha. Tumekaa chini ya mparachichi, pamoja na mzee wa mtaa, mara saba sasa. Sijawaambia washikane mikono. Siku ya pili mkubwa alieleza kwamba aliacha shule darasa la sita ili mdogo wake apate karo, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyewahi kumwambia asante. Hapo mpaka haukutajwa kabisa. Mdogo aliinamisha kichwa, akalia. Nikasema moyoni, hii ndiyo damu, bado pana nyama hai.

Mpimaji amekwisha kuja. Mke wa mdogo ananilaumu kwamba nachelewa, na huenda ana haki. Ijumaa ijayo tutakutana tena.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke ndugu hawa wawili na nyumba zao. Uwakumbuke madaktari na wauguzi walio vitani usiku huu, na wale waliolala mezani mbele yao, wa upande huu na wa upande ule. Umkumbuke na yeye anayesikiliza sasa, ambaye jeraha lake lilifungwa upesi mno. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.