PASIPOTI YA SHATI NA HAKI YA MSHONAJI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kambi Muru, Kibera)



Jambo nililoombwa kulieleza leo ni jipya, lakini si gumu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimetunga sheria ya kutaka bidhaa ziwe na pasipoti. Sheria hiyo ilianza kuwa na nguvu tarehe 18 Julai 2024. Maana yake ni kwamba shati, godoro au tairi litakalouzwa huko litapaswa kuwa na cheti chake ndani ya kompyuta. Juu ya bidhaa patawekwa alama, kama ile ya mraba yenye madoa meusi na meupe. Mnunuzi akiielekezea simu yake atasoma kitu hicho kimetengenezwa kwa nini, kina dawa gani za hatari, kitarekebishwa vipi kikiharibika, na kikichakaa kipelekwe wapi.

Bidhaa zote hazitaingia siku moja. Betri za magari ya umeme na betri kubwa za viwandani zimepangiwa tarehe 18 Februari 2027, kwa sheria yake yenyewe ya mwaka 2023. Nguo, samani, magodoro na matairi yamo katika orodha iliyotolewa Aprili 2025. Kanuni za nguo zimewekewa lengo la mwaka 2027, na zikisha kutoka, kwa kawaida viwanda hupewa muda usiopungua miezi 18 kabla ya kubanwa nazo. Basi wakati wa kujitayarisha upo, lakini si wa kulala.

Huenda mwenzetu akasema, "Ulaya ni mbali, na nguo za viwanda vyetu nyingi huenda Marekani." Ni kweli. Lakini mkataba wa biashara baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi tarehe 1 Julai 2024, nao unaruhusu bidhaa zetu kuingia huko bila ushuru. Mlango uko wazi, na anayetaka kuupita atakuwa na pasipoti. Sheria haiulizi shati lilishonwa Ureno au Nairobi. Yule anayeliuza Ulaya ndiye atakayeshtakiwa likikosa cheti, kwa hiyo atamwuliza tajiri wa kiwanda, na tajiri atamwuliza karani wa stoo, na karani atamwuliza mkataji na mtia rangi. Swali litakwisha kwetu.

Ndugu zangu, watu wa Kambi Muru hawahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Wazee wenu Wanubi waliishi Kibera zaidi ya miaka mia moja kabla ya kupewa hati ya ardhi ya eka 288, mwaka 2017. Na wafanya kazi wote wa Kenya wanakumbuka hadithi ya kipande. Kilitoka kwa sheria ya 1915, na mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Tajiri ndiye aliyeandika humo, na mwenye kukivaa hakuwa na neno. Somo tulilopata ni kuuliza kila mara: nani anaandika, anaandika nini, na inamfaa nani?

Tuiulize basi pasipoti hii. Itasema juu ya pamba, rangi, na uimara wa mshono. Juu ya mshahara wa aliyeshona, sheria hiyo haijaweka sharti. Shati litakuwa na historia yake yote, na aliyelishona pengine hana hata karatasi ya mshahara mfukoni. Hapo ndipo penye kazi ya chama.

Sheria zetu wenyewe zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na yataka mfanya kazi apewe taarifa ya mshahara inayoonyesha makato. Sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo, yataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na dawa za hatari ziwe na maelezo yake. Tajiri atakayesema hana nafasi ya kuandika mambo hayo, huku akiandika kila uzi wa shati kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya, atakuwa amejihukumu mwenyewe.

Kwa hiyo, wawakilishi wa kila kiwanda wayashike haya:

1. Kuandika habari za bidhaa ni kazi. Saa zake zilipwe, zisiongezwe juu ya hesabu ya vipande vya siku.

2. Makarani wa stoo, wakataji na watia rangi wafundishwe kwa gharama ya kiwanda, tena mapema.

3. Mtu asitie sahihi juu ya jambo asiloliona. Uwongo ukigunduliwa Ulaya, oda itafutwa, na watakaorudishwa nyumbani ni sisi.

4. Orodha ya dawa itakayopelekwa kwa mnunuzi ifike kwanza kwa kamati ya usalama. Anayeishika rangi kwa mikono yake kila siku ana haki ya kuijua kabla ya anayevaa shati.

Nina neno pia kwa mafundi wenye karakana zao wenyewe, washonaji na wale wanaochonga mapambo ya mifupa na shaba hapa Kibera. Mapambo hayamo katika orodha ya kwanza. Hata hivyo yafaa kuanza daftari sasa: siku ya kununua mali, jina la aliyeuza, aina ya kitambaa au madini, na kiasi kilichotumika kwa kila oda. Risiti zisitupwe. Fundi mmoja hawezi kununua kompyuta na kumlipa karani, lakini mafundi kumi wakiwa na ushirika wanaweza. Asiye na daftari atauzia mwenye daftari, kwa bei atakayotajiwa.

Ndugu wanachama, hatuipingi pasipoti ya shati. Kitu kinachodumu na kisichomdhuru mtu ni kazi ya heshima, nasi twajua kuifanya. Tunalokataa ni gharama yake kukatwa kwenye mshahara wetu. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwombe tajiri wake karatasi ya mshahara ya mwezi huu. Atakayenyimwa alete jina la kiwanda kwa katibu wa tawi.

Umoja ni nguvu.