MAJI PEKE YAKE HAYATOSHI KAZINI
(Hotuba kwa wanachama)



Kila mkata miwa wa Awendo na Ndhiwa, na kila mchimba dhahabu wa Macalder, amekwisha kuambiwa: jua likiwa kali, kunywa maji. Neno hilo ni la kweli. Asiyekunywa maji juani ajitafutia kifo. Lakini kuna nusu ya pili isiyosemwa: maji yakizidi kiasi, nayo yaweza kuua.

Jasho si maji matupu. Ulambe mdomo wako saa sita mchana, utaonja chumvi. Chumvi hiyo, ambayo madaktari huiita sodiamu, ndiyo inayoshika maji ya mwili mahali pake. Mtu akitoka jasho tangu alfajiri, hali chakula, naye anakunywa lita baada ya lita, damu yake huwa kama mchuzi ulioongezwa maji mno. Maji yale huingia katika ubongo, ubongo ukavimba, na fuvu halimpi nafasi. Figo za mtu mwenye afya hutoa kadiri ya lita 1 tu kwa saa, na wakati wa kazi ngumu hupungua.

Habari hii wafanya kazi wenzetu waliijua zamani. Mwaka 1923, huko Uingereza, K. Neville Moss aliandika juu ya wachimba makaa ya mawe katika mashimo yenye joto. Walitoka jasho jingi, wakanywa maji mengi, misuli yao ikakakamaa kwa maumivu makali. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji, walipata nafuu.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, vidole kuvimba, kisha mtu husema ovyo, hushikwa na degedege, huzirai. Huku kwetu Migori na Homa Bay malaria ni nyingi, basi watu husema ni malaria. Mnyapara husema amelewa. Na rafiki mwema humletea kikombe kingine cha maji. Kikombe hicho ndicho cha hatari.

Basi ndugu, tushike haya:

1. Kunywa kidogo kidogo, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20 jua likiwa kali. Isifike lita 1 na nusu kwa saa. Tumbo likijaa na kiu imekwisha, acha.

2. Kula kabla ya kazi na katikati ya kazi. Ugali na omena zilizotiwa chumvi zafaa kuliko mtungi wa pili wa maji.

3. Usimeze chumvi kwa kiganja. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu amwulize daktari kwanza.

4. Mwenzako akianza kusema ovyo, usimpe kitu cha kunywa. Mpeleke kivulini, mlaze ubavu. Mwili ukiwaka moto, mmwagie maji juu ya ngozi. Mkimbize hospitali, na mwambie daktari alifanya kazi gani na alikunywa maji kiasi gani, ili apime malaria na chumvi ya damu pia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuweka maji safi ya kunywa. Vema. Lakini mkata miwa anayelipwa kwa tani huona kila dakika ya kula ni shilingi inayopotea. Kwa hiyo hunywa maji akiwa amesimama, akaendelea. Hapo kosa si la tumbo lake, ni la mapatano ya kazi.

Kwa hiyo chama kidai mambo matatu: nafasi ya kula isiyokatwa mshahara, kivuli karibu na kazi, na gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Mtungi wa maji ni mwanzo tu. Tukidai mmoja mmoja hatutasikiwa. Tukidai pamoja tutapata.

Umoja ni nguvu.